Mama mkwe anasema ni uvivu, picha inasema mfupa umeota

Shikamoo daktari.

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, nimeolewa na nina mtoto mmoja. Nimezaliwa na kukulia Arumeru, sasa tunaishi kwa wakwe zangu nje kidogo ya Babati. Tunalima mahindi na tuna ng'ombe wachache. Nakuandikia kwa sababu nimefika mahali sijui nimwamini nani.

Tangu nikiwa na miaka 24 nasumbuliwa na mgongo. Ulianza polepole huku chini kiunoni, ukashuka hadi kwenye makalio, wiki hii kulia, wiki ijayo kushoto. Nilidhani ni jembe. Lakini mgongo wangu una tabia ya ajabu: nikilala ndipo unapouma. Kwenye saa tisa usiku usingizi unakatika, nainuka, natembeatembea ndani mpaka upoe. Asubuhi ndiyo mbaya kuliko zote. Siwezi kuinuka moja kwa moja. Nageuka ubavu, nashika ukingo wa kitanda, nashusha mguu mmoja, natulia kwanza, ndipo nashusha wa pili. Kisigino cha kushoto nikikikanyaga machozi yananitoka. Kuinama kufagia uwanja siwezi. Lakini ikifika saa nne, nikishachangamka, nakwenda shamba na kulima sambamba na wenzangu.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Mama mkwe anasema, "Kazi za asubuhi zikiwepo mgonjwa, mchana mzima." Amemwambia mume wangu kwamba ameoa mvivu. Mume wangu ananitetea, ila naona naye anaanza kuchoka.

Mwaka jana jicho langu la kulia liliwiva, likauma, nikawa sivumilii mwanga. Kliniki ya macho walinipa matone, likapona baada ya wiki kadhaa. Sijui kama lina uhusiano, nalitaja tu. Kwenye zahanati nimepimwa mkojo mara nyingi, kila mara naambiwa UTI na kupewa antibiotiki. Mwezi uliopita hospitali moja wakanipiga picha ya eksirei ya kiuno. Aliyeisoma akasema kuna mfupa umeota pembeni ya pingili mbili, akaniambia ni umri na kazi ngumu.

Shemeji yangu anasema mfupa wa namna hiyo hukwanguliwa kwa upasuaji. Mama mkwe yeye anataka twende Jumapili kwa mzee anayenyoosha migongo. Anakukanyaga, kisha anakuzungusha shingo mpaka ilie. Mimi kinachonisaidia ni sindano za duka la dawa. Wananichoma mbili kwa pamoja, diklofenaki na deksamethasoni, na usiku huo nalala mpaka kunakucha.

Naomba uniambie: huo mfupa unaweza kukwanguliwa? Nitakuwa kibiongo? Nina mjomba aliyepinda mgongo akiwa bado kijana na hakuna aliyejua kwa nini. Mimi mwenyewe meno yangu ni ya kahawia kama ya wengi wa kwetu, basi wengine wanasema ni yale maji. Na nikitaka mtoto wa pili, nitaweza?

Mama wa Mmoja, Babati

Marahaba mwanangu.

Kilichomfanya mama mkwe akuite mvivu ndicho kinachonifanya mimi niamini kwamba unaumwa. Mgongo uliochoshwa na jembe huuma ukiwa kazini na hupoa ukilala. Wako unakwenda kinyume: mapumziko yanaukaza, kutembea kunaulegeza. Umeanza kabla ya miaka 40, tena polepole, umeendelea kwa miaka, unakuamsha usiku wa manane, na unahama kutoka kalio moja kwenda jingine. Mtu hawezi kujifanyia mambo hayo yote kwa kukwepa ufagio. Sijakupima, kwa hiyo siwezi kukuandikia ugonjwa kwa barua. Lakini ungeingia chumbani kwangu na maelezo haya, ugonjwa wa kwanza ambao ningeutafuta ni ankilosingi spondilaitisi, aina ya baridi yabisi inayoshika uti wa mgongo.

Jicho umelitaja kama jambo la pembeni, kumbe ni ushahidi mkubwa. Ugonjwa huu hushambulia pia sehemu ya mbele ya ndani ya jicho, likawa jekundu, likauma na kukataa mwanga. Kisigino nacho ni vilevile: huuma pale kano inapojishikiza kwenye mfupa. Umepita kwa watu wa mkojo, watu wa macho na watu wa mifupa, kila mmoja akaangalia kipande chake, na hakuna aliyekaa na wewe akaviunganisha. Hilo linaniuma, maana kwa ugonjwa huu wagonjwa wengi huchelewa miaka kupewa jibu, na wanawake huchelewa zaidi kwa sababu wengi wetu tulifundishwa kwamba ni ugonjwa wa vijana wa kiume.

Sasa huo mfupa. Pale kano zinapojishikiza kwenye pingili, na kwenye viungo viwili vinavyounganisha uti wa mgongo na mifupa ya nyonga, kinga ya mwili inawasha mchochota bila kuwepo jeraha wala kidudu. Mahali hapo panavimba kwa ndani na mfupa unalika taratibu. Kisha mwili unajaribu kutengeneza ulipoharibu, na hapo ndipo unapopitiliza. Unaweka mfupa mpya mahali ambapo hapakuwa na mfupa. Mfupa huo huota kwenye ukingo wa pingili na kupanda wima kuelekea pingili ya jirani, na hiyo ya jirani nayo huota kuja kukutana nao. Vikigusana vinashikana, na kiungo kilichokuwa kinakunjika kinakufa. Kwa kawaida mambo huanzia chini, kwenye nyonga, na kupanda. Pingili nyingi zikishaungana, picha ya eksirei huonyesha mgongo ulionyooka wenye vifundo kama mwanzi, na ndivyo madaktari wanavyouita, mgongo wa mwanzi. Ugonjwa wenyewe si mgeni duniani. Miaka ya 1690, tabibu wa Ireland aliyeitwa Bernard Connor alieleza mifupa ya mtu ambaye pingili, mbavu na nyonga zake zilikuwa zimeshikana kuwa kitu kimoja.

Aliyekuambia ni umri na kazi ngumu huenda aliona mfupa wa aina nyingine. Upo mfupa unaoota kwa uzee na kuchakaa kwa viungo. Huo mara nyingi hutokeza kwa pembeni, kwenda nje, na ni wa kawaida kwa mtu wa miaka 60. Kwa mwanamke wa miaka 29 mwenye dalili zako, jibu la "umri" silikubali. Omba picha yako isomwe upya na mtu aliyeambiwa historia yako yote. Tena picha ya kiuno peke yake haitoshi. Inatakiwa picha ya nyonga inayoonyesha vile viungo viwili, kwa kuwa huko ndiko ugonjwa hujionyesha kwanza. Nayo ikitoka safi usifunge mjadala, kwa sababu eksirei inaweza kuchukua miaka kabla ya kuonyesha kitu. Kipimo cha MRI huona mchochota mapema kabla mfupa haujabadilika.

Kukwangua, hapana. Mfupa ule umeshikamana na pingili na kano zako, na mahali penyewe pako karibu na mishipa ya fahamu. Hata ungekwanguliwa, mchochota uliouotesha ungebaki palepale. Upasuaji katika ugonjwa huu una nafasi yake: kubadilisha nyonga iliyoharibika kabisa, kurekebisha uti uliopinda hadi mtu hawezi kutazama mbele, au kutibu mfupa uliovunjika. Wewe hujafika huko, na kazi yetu ni kuhakikisha hufiki.

Kuhusu Jumapili nakuomba kama ninavyomwomba binti yangu: usiende. Mgongo wenye ugonjwa huu una mambo mawili yanayopingana. Kwa nje unaongeza mfupa, lakini ndani ya pingili zenyewe mfupa unapungua na kuwa mwepesi. Ule ulioungana haunesi tena, na unaweza kuvunjika kwa msukosuko mdogo ambao mtu mwingine angejipangusa vumbi na kuondoka. Shingo ndiyo inayoongoza kwa kuvunjika. Kukanyagwa mgongo na kuzungushwa shingo mpaka ilie kunaweza kumwacha mtu amepooza. Siku yoyote ukianguka, au ukipata ajali ya bodaboda, na mgongo au shingo ikaanza maumivu mapya, chukulia kwamba umevunjika mpaka picha iseme vingine. Na wanaokubeba waambie wasikunyooshe shingo kwa nguvu.

Zile sindano zina habari ndani yake. Kupata nafuu kubwa kwa diklofenaki ni dalili nyingine inayoelekeza kwenye ugonjwa huu, na dawa za kundi lake, kama ibuprofeni, naproksen na meloksikamu, kweli ndizo tunazoanza nazo. Ila zinatakiwa kuandikwa na mtu anayekufuatilia: dawa moja tu ya kundi hilo kwa wakati mmoja, kwa kipimo kinachotosha, ukiwa umekula, na mara nyingi pamoja na omeprazoli ya kulinda tumbo. Presha na figo zipimwe, kwa sababu dawa hizi zikitumika ovyo huleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo kimyakimya. Deksamethasoni ndiyo inayonitia hofu. Inafunika maumivu, ndiyo maana unalala vizuri, lakini ikitumika mara kwa mara inapunguza uimara wa mifupa, mifupa ileile ambayo tayari iko hatarini. Inapandisha sukari na presha, inadhoofisha kinga, na kwa ugonjwa wa uti wa mgongo haitumiki kama tiba ya muda mrefu. Mwambie daktari umechomwa mara ngapi na kwa muda gani. Kama zimekuwa nyingi na za karibu karibu, usikate ghafla bila yeye kujua.

Kabla hujalikubali jina la ugonjwa huu, yapo mengine ya huku kwetu ambayo lazima yaondolewe njiani. Kifua kikuu hushika uti wa mgongo na kuupinda kabisa, na kinatibika. Homa za jioni, jasho la usiku au kukonda ni mambo ya kumtajia daktari. Brusela hupatikana kwa kunywa maziwa mabichi na kwa kushughulika na mifugo, na hupenda kukaa kwenye viungo hivyohivyo vya nyonga. Una ng'ombe, basi omba upimwe, na maziwa yachemsheni kuanzia leo. Halafu yale maji. Wanaoyasema hawajakosea kuyataja: maji ya sehemu nyingi za Arumeru yana floraidi nyingi, na ikizidi kwa miaka haiishii kwenye meno, huifanya mifupa kuwa mizito na kano za mgongo kugeuka mfupa, hata mtu akapinda. Labda hilo ndilo lililompata mjomba wako, au labda alikuwa na ugonjwa huu unaotembea kwenye familia. Daktari anahitaji kujua yote mawili. Ila floraidi haiwashi jicho.

Wanaweza kukupima damu. Vipimo vya ESR na CRP huonyesha mchochota, lakini kwa wagonjwa wengi vinatoka vya kawaida. Kuna kipimo kingine, HLA-B27, cha alama ya kurithi. Uhusiano wake na ugonjwa huu uligunduliwa mwaka 1973, na Ulaya zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 wanayo. Kwetu Afrika kusini mwa Sahara alama hii ni adimu, na wagonjwa wengi waliothibitishwa hawana. Kwa hiyo mtu akikuambia "HLA-B27 haipo, basi huna", huyo anatumia kipimo cha watu wengine kukupima wewe. Isikukatishe tamaa, na usiuze mbuzi kwa ajili ya kipimo hicho kabla hujapigwa picha ya nyonga.

Wakati unasubiri rufaa, fanya jambo moja nyumbani na mumeo awepo. Simama ukiwa umeegemea ukuta, visigino na makalio vikigusa, kidevu usikiinue, kisha jaribu kugusisha kisogo. Kinapaswa kugusa bila kulazimisha. Halafu azungushe tepu ya fundi cherehani kifuani, chini kidogo ya matiti. Toa pumzi yote, asome. Vuta pumzi mpaka mwisho, asome tena. Tofauti ikiwa chini ya sentimita 2.5, inawezekana mbavu zimeanza kukaza. Andikeni namba hizo kwenye daftari pamoja na tarehe. Kliniki nao watakuchorea alama mbili kiunoni zilizoachana sentimita 10 na kukuambia uiname. Kwa mgongo unaokunjika vizuri zinaachana hadi kama 15.

Usianzie zahanati tena. Omba barua ya rufaa hadi hospitali ya mkoa, na kutoka hapo, ikibidi, KCMC kule Moshi, ambayo ndiyo rufaa ya kanda yenu. Mabingwa wa baridi yabisi ni wachache mno katika nchi zetu, lakini daktari bingwa wa magonjwa ya ndani au wa mifupa akielezwa vizuri ataanza kazi.

Mazoezi ni nusu ya tiba, nami siyataji kwa kujaza nafasi. Kila siku, hata siku unayojisikia mzima. Asubuhi, kabla hujashuka kitandani, kunja magoti ukiwa chali na kuyalaza kulia na kushoto mpaka kiuno kilainike. Maji ya moto ya kuoga husaidia. Mchana lala kifudifudi dakika 15 hadi 20 ili nyonga na mgongo vinyooke. Vuta pumzi ndefu, zijaze mbavu, mara kadhaa kwa siku. Lala kwenye godoro lisilobonyea, mto mmoja mwembamba. Mtaalamu wa fiziotherapia akupe mpango kamili, maana lengo letu ni hili: mfupa ukitaka kushikana, usikute umejikunja. Wanaofanya mazoezi wengi hawawi vibiongo, na wagonjwa wengi, hasa wanawake, mgongo wao hauungani wote. Kama kuna anayevuta sigara humo ndani avutie mbali, na wewe usiiguse kabisa. Sigara huharakisha huo mfupa mpya.

Kama dawa za kwanza hazitoshi, zipo za kuzuia chanzo chenyewe cha mchochota, kama adalimumabu na etanasepti, ambazo ni za sindano. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza adalimumabu kwenye orodha yake ya dawa muhimu, na ugonjwa huu ukiwa miongoni mwa sababu. Bei yake bado ni mzigo mzito kwa familia ya mkulima, nami naona ni haki wagonjwa wetu wadai zifike. Ukipewa, lazima kwanza upimwe kifua kikuu, hata kile kilicholala, kwa sababu dawa hizi zinaweza kukiamsha. Ukiandikiwa methotreksati, uliza ni ya nini: husaidia viungo vya miguu na mikono, mgongo haiusaidii.

Mtoto wa pili utapata, hakuna sababu ya kukosa. Ugonjwa huu kwa kawaida hauzuii mimba. Kinachotakiwa ni kupanga na daktari kabla: methotreksati huachwa mapema kabla ya kubeba mimba, na dawa za kundi la diklofenaki zinaweza kudhuru figo za mtoto kuanzia wiki ya 20 na haziruhusiwi miezi mitatu ya mwisho. Na watoto wengi wa wagonjwa hawaupati ugonjwa huu.

Mama mkwe usibishane naye. Mwombe mumeo amwombe akusindikize kliniki, aingie ndani, na daktari amweleze yeye mwenyewe kwa nini mgongo huu unauma ukilala. Mama aliyeambiwa na daktari macho kwa macho mara nyingi ndiye anayekuwa mlinzi wa mgonjwa. Wakati huo mpange kazi upya: kufagia na kuchota maji kusogee hadi saa nne au jioni, na wewe uchukue kazi za mchana ambazo wengine wanazikwepa kwa jua.

Jicho likirudi kuwa jekundu na kuuma, nenda siku hiyohiyo, na uwaambie una mgongo wa namna hii. Likicheleweshwa linaweza kupoteza uwezo wa kuona. Na miguu ikianza kuishiwa nguvu, au sehemu za siri na mapajani kwa ndani zikafa ganzi, au mkojo ukakuponyoka au kukataa kutoka, hapo usisubiri tarehe ya kliniki. Mumeo atafute gari usiku huohuo.